Majina Aliyopewa Leonard

Hadi leo ukitaka kuwachekesha Wakenya wa Temple Hills, huku Maryland, wewe wataje tu Mwalimu Ochieng na mfuko wake wa sukari. Watacheka mpaka washike mbavu. Kisha wale waliokuwepo harusini watanyamaza kidogo, na wasiokuwepo wataendelea kucheka peke yao.

Mambo yalianza hivi. Audrey, binti wa pekee wa Ochieng, alikuwa amemaliza unesi na alikuwa anaolewa na Nathan, kijana mpole mwenye ndevu nyekundu ambaye watu wake ni wa milimani, West Virginia. Kwa watu hao harusi haijawa harusi mpaka watu wacheze ghalani. Wanapanga mistari miwili, wanatazamana, fidla inalia, na mtu mmoja anasimama mbele kuwaitia hatua: shikeni mikono, zungukeni, badilishaneni. Nao wanatii, wazee kwa watoto. Mama yake Nathan akagawa kazi kama mama yeyote mwenye harusi. Sisi tutaleta banda na chakula, alisema, baba wa bibi harusi atuletee bendi. Akampa Ochieng namba ya simu na anwani ya bendi moja ya Beltsville, akamwambia kazi yenyewe ni ndogo tu.

Kazi ndogo! Mwambie hivyo mtu mwingine, si mtoto wa Alego kule Ujaluoni. Ochieng, kabla ya kuja Maryland kuendesha basi dogo la kupeleka wazee kliniki, alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi Eldoret. Na kabla ya ualimu alikuwa mtoto wa Kijaluo aliyekua akiona jinsi mpiga nyatiti, kinanda cha nyuzi nane cha kwao, anavyokodiwa. Mtu wa nyuzi humwiti kama fundi wa bomba. Unamwendea kwake, mkono usiwe mtupu, unakaa, unakunywa chai, halafu unampa majina: anayeolewa ni nani, baba yake ni nani, mama yake alitoka wapi, na kila mmoja anasifika kwa lipi. Mpigaji asiyepewa majina atawaimbia nini? Hewa?

Basi Jumamosi moja Ochieng alivaa suti na tai, akanunua sukari, majani ya chai na mkate, akaendesha gari hadi Beltsville bila hata kupiga hodi ya simu.

Aliyefungua mlango alikuwa Elsa, mpiga fidla, mwanamke mwembamba mwenye nywele za mvi alizozifunga kisogoni. Alipoona mtu mweusi wa makamo, tai shingoni, mfuko mkononi, alijua ni wale wanaohubiri mlango kwa mlango. Akamshukuru na kuanza kufunga. "Mama, sijaleta dini," Ochieng akamwambia kwa Kiingereza chake cha mwalimu mkuu, "nimeleta sukari."

Sasa mwenye akili timamu angefunga mlango haraka zaidi. Bahati, mumewe Elsa alitokea nyuma. Huyo ndiye Leonard, mwita hatua wa bendi, mtu mrefu mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya shamba, ambaye siku za kazi aliwahudumia kuku wa serikali pale kituo cha utafiti wa kilimo. Mtu anayeshinda na kuku hashangazwi na mengi. Akamkaribisha ndani.

Elsa aliuliza ya maana: wachezaji ni wangapi, umeme upo, sakafu ni ya mbao au ya udongo. Ochieng alijibu yote, kisha akaanza na yake. Akawaeleza kwamba kwao kuna mchezo unaitwa pakruok. Nyatiti inalia, watu wanacheza, mara mtu anatoka mbele na noti, anamtuza mpigaji. Muziki unashuka. Yule mtu anajisifu, au anamsifu ampendaye, kwa maneno machache yenye chumvi. Watu wakifurahi, mwingine anatoa noti ili sifa zirudiwe. Kisha muziki unapanda tena.

"Tukisimama katikati ya mzunguko, watu watagongana," Elsa akasema.

"Wakigongana watacheka," Ochieng akajibu.

Elsa mwenyewe akacheka. Leonard akaomba majina. Hakuandika kitu, aliyarudia kwa mdomo, polepole, jinsi alivyojifunza miito yake yote ya dansi. Ochieng akampa la Audrey, akampa lake, akampa la babu. Halafu, bila hata kujiandaa, akampa la mkewe: Akelo, nyar Ugenya, yaani binti wa Ugenya. Na sifa yake? "Kicheko chake hutangulia, yeye hufuata," Ochieng akasema, na Leonard akairudia mpaka akaishika. Kwa wageni jina lilimtoka kama mtu anayetaja mji wa kwao. Alipofika kwenye gari ndipo aliposhindwa kuingiza ufunguo.

Lazima nieleze hapa, la sivyo mtamwona mzee wa watu kichekesho bure. Akelo alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, huku huku Maryland. Kanisa lilichanga, mwili ukarudishwa nyumbani kwa ndege. Ochieng hakwenda. Makaratasi yake ya ukaazi yalikuwa bado yanashughulikiwa, na wakili alimwambia wazi kwamba akitoka nje ya nchi mlango utafungwa nyuma yake. Audrey alikuwa chuoni, karo ilikuwa mabegani mwa baba. Wakabaki wote wawili. Kule Alego, mdogo wake Ochieng ndiye aliyesimama kaburini pale anaposimama mume, akasema maneno anayosema mume. Kwa Mjaluo, kutomzika mkeo ni aibu isiyo na pa kufichwa. Watu wa kanisani walimpa pole, lakini pole si udongo wa kaburi. Ochieng alijiapia kimoyomoyo: siku Audrey atakapoolewa, nitasimama mbele ya watu, nitasema mama yake alikuwa nani. Hilo tu ndilo alilokuwa amebakiwa nalo.

Habari ya sukari ilifika Temple Hills kabla ya Ochieng mwenyewe. Chepkoech, mama wa Kikalenjin anayeongoza kwaya, alimsubiri mlangoni mwa kanisa.

"Mwalimu, ni kweli umepeleka sukari kwa wazungu? Si ungepiga tu simu, uwabook, mambo yaishe?"

"Wewe Chepkoech, ng'ombe za mahari huko kwenu mlizibook kwa simu?"

"Ai! Sasa umeingia kwa ng'ombe. Siku moja utampelekea mtu wa posta kuku."

Watu wakacheka, na Ochieng akacheka nao. Lakini jioni Audrey alikuja nyumbani kwake, hakukaa, hata koti hakuvua. Leonard alikuwa amempigia kuuliza njia ya kufika ghalani, na kwa wema tu, maskini, akamwambia jinsi alivyoguswa na habari za mama yake.

"Ulimtaja Mama kwa watu wa bendi?" Audrey aliuliza kwa Kiingereza. Kiswahili alikielewa chote, mpaka cha mafumbo, maana ndicho walichokisema nyumbani Eldoret. Ila tangu alipokuja huku akiwa msichana mdogo, ukimwambia kwa Kiswahili alikujibu kwa Kiingereza. Ochieng alikuwa ameshazoea.

"Mpigaji lazima apewe majina, mwanangu."

"Mimi na wewe, tangu afariki, hatujalitaja hilo jina hata mara moja. Hata mara moja, Baba! Unapita karibu na picha yake kama unapita karibu na polisi. Halafu unaenda kulitoa kwa watu usiowajua."

Ochieng angesema nini, na kila neno lilikuwa kweli?

"Sitaki hotuba siku hiyo," Audrey akasema, sauti imeshuka. "Kwenye sherehe ya chuo uliongea mpaka pilau likapoa, nikavumilia. Lakini hii, ukisimama ukamsema Mama, nitalia, na nikianza sitaweza kunyamaza. Niahidi."

"Nimekuahidi," akasema baba. "Hakuna hotuba."

Hapo ndipo alipofungwa kamba mbili, moja na aliye hai, moja na aliyekufa, kila moja ikivuta upande wake. Wiki zile alikuwa akiwashusha wazee kliniki, anakaa kwenye basi lake kuwangoja, na anawaza. Pakruok si hotuba, alijiambia. Ni sentensi moja. Hata ukimuuliza hakimu wa Upper Marlboro atakwambia sentensi moja si hotuba. Lakini mtu mzima anajua anapojidanganya. Aliyekufa hakasiriki, wengine husema, na aliye hai ndiye wa kuchungwa. Sawa. Ila aliyekufa pia hana mdomo mwingine wa kusemewa ila huu wako. Zaidi ya mara moja aliingia kwenye kibanda cha simu ampigie Leonard amwambie aachane na mambo ya pakruok. Alishika simu, akairudisha. Hakukataza, hakuruhusu. Akaliacha jambo lining'inie, na mambo ya kuning'inia, ndugu zangu, huanguka yanapotaka yenyewe.

Siku ikafika. Ilikuwa Oktoba, mwaka wa tisini na nane, na banda lenyewe lilikuwa la kukaushia tumbaku, nje kidogo ya Upper Marlboro, mali ya rafiki wa baba yake Nathan. Mbao zake zilinuka tumbaku ya miaka na miaka. Upande mmoja walikaa watu wa milimani na mabuti yao, upande wa pili Wakenya na vitenge, suti, na viatu vyenye visigino vilivyozama kwenye nyufa za sakafu. Bibi wa Nathan, kikongwe mwenye fimbo, alikuwa amewekewa kiti karibu na bendi kama mgeni wa heshima.

Elsa akaanza fidla, na hapo Ochieng akashtuka. Ile sauti aliijua. Ilikuwa binamu wa orutu, ile fidla ya uzi mmoja ya kwao, kilio kile kile cha puani. Leonard akasimama juu ya kreti, akaita. Watu wakashikana, wakazunguka, wakapotezana. Gervais, fundi magari Mkongomani aliyealikwa kwa sababu hakuna sherehe isiyomwalika, alijikuta ameshika mkono wa babake Nathan badala ya wa mkewe mwenyewe. "Ee Mungu! Hii ni danse ao ni jeshi?" akapiga kelele. "Papa anatoa commande, siye tunatii!" Lakini hakutoka mstarini. Mzunguko wa tatu hata Chepkoech, aliyekuja akisema yeye ataangalia tu, alikuwa ametupa viatu pembeni.

Walipopumua, Leonard akainua mkono. "Baba wa bibi harusi," akasema, "alikuja nyumbani kwangu na sukari. Akanifundisha desturi ya kwao." Akaieleza pakruok, vizuri kabisa, chumvi na vyote.

Ochieng akamtafuta Audrey. Binti alikuwa katikati ya banda, shela imeshikwa mkononi, anamtazama baba yake. Uliniahidi, yalisema yale macho.

Muziki ukaanza tena, na kabla mzunguko haujafika nusu, nani kama si Chepkoech! Alikwenda mbele na dola yake, akaitupa kwenye sanduku la fidla, na Elsa akashusha upinde. Watu wakagongana kweli, mgongo kwa tumbo, kama alivyosema Elsa, na wakacheka kweli, kama alivyosema Ochieng. "Mimi ni Chepkoech!" mama akanguruma. "Mimi ndiye niliyemlea mume mpaka akanenepa! Nikiimba soprano, mbwa wa Temple Hills wanaomba radhi!" Ghala likapasuka kwa vigelegele. Kumbe moto umewashwa. Gervais akajisifu kwa gari lililofufuka mkononi mwake. Mjomba wa Nathan akamsifu mbwa wake. Bibi wa Nathan akatuma noti kwa mkono wa mjukuu, akainuka kwa fimbo, akatangaza kwamba yeye amezika waume wawili na bado ana meno yake. Wakenya walimpigia makofi mpaka akarudia bila kulipiwa.

Halafu sauti zikaanza pembeni. "Mwalimu! Mwalimu!" Kwanza watu wa kanisani, kisha watu wa milimani nao, bila kujua neno lenyewe maana yake nini. "Mwalimu! Mwalimu!"

Ochieng akamtazama tena Audrey. Safari hii binti alikuwa anatazama sakafu. Hakumkataza. Hakumruhusu. Alimrithi baba yake.

Akaenda. Alikuwa na dola moja mfukoni, ameikunja tangu asubuhi mpaka imekuwa na jasho. Akaiweka sandukuni. Elsa akashusha muziki, lakini hakuuzima. Aliacha upinde utembee juu ya uzi mmoja, taratibu, kama vile aliishi Alego.

Ochieng akafungua mdomo. Hotuba alizozitoa maishani mwake! Kwa wazazi, kwa wakaguzi wa shule, kwa maharusi wa watu. Sasa jina lilikuwa pale, nyuma ya ulimi, na halikutoka. Aliwaza kaburi ambalo hakuliona. Aliwaza mdogo wake akisimama mahali pake. Watu walianza kusogezasogeza miguu, na Chepkoech akaficha uso kwa kitenge chake. Ochieng akafunga mdomo. Alikuwa ameshindwa, na alijua kwamba nafasi nyingine haipo.

Ndipo Leonard, juu ya kreti lake, akaita.

Hakuita kwa huruma. Aliita kwa ile ile sauti yake ya ng'ambo ya shamba, kama anavyoita hatua za dansi. "Akelo! Nyar Ugenya! Mama wa bibi harusi!" Na kwa Kiingereza akamalizia: kicheko chake hutangulia, yeye hufuata.

Ilikuwa sawasawa kabisa, kila jina mahali pake, kama alivyopewa siku ile ya sukari.

Hakuna aliyepiga makofi. Audrey alisimama akiwa amebana midomo, machozi yanashuka kama alivyosema yatashuka. Nathan alimgusa bega, naye akautoa ule mkono polepole, akatoka mstarini. Alikwenda mpaka mbele ya bendi. Bibi harusi hana mifuko. Akageuka kwa kikongwe wa fimbo, akanyoosha kiganja, na bibi akampa dola bila kuuliza. Audrey akaiweka sandukuni.

"Rudia," akasema kwa Kiswahili.

Leonard hakuelewa. Kuku hawakumfundisha Kiswahili. Akamwinamia Ochieng, amtafsirie.

Ochieng hakumtafsiria. Aliyeombwa alikuwa nani kama si yeye, na lugha ile pale mbele ya bendi ilikuwa ya nani, kama si yake na ya binti yake? Akakohoa. Sauti ilitoka imepasuka, ndogo, si ya mwalimu mkuu.

"Akelo," akasema. "Binti wa Ugenya. Mke wangu. Sikumzika mimi." Akavuta pumzi. "Kicheko chake hutangulia, yeye hufuata."

Audrey alikuwa analia waziwazi, na katikati ya kilio kikamtoka kicheko, kikubwa, cha tumboni. Wale waliomjua Akelo waligeuka kutazama mlangoni.

"Rudia, Baba."

Audrey hakuwa na noti nyingine. Chepkoech akamtia moja kiganjani. Mama yake Nathan akafungua mkoba wake. Gervais akatoa, mjomba mwenye mbwa akatoa, watu wakawa wanapitisha noti mkono kwa mkono hadi kwa bibi harusi ili asikose ya kutoa. Elsa hakuuondoa upinde juu ya uzi wake, na Ochieng akarudia.